SOMO: Ugonjwa umeingia nyumbani na feza ni kidogo, tuanzie wapi?

Mafungu ya kusoma pamoja: 2 Wafalme 5:1-27, Marko 5:25-26, Luka 10:33-35



Somo hili linawaelekea watu wasio na asiransi ya ugonjwa, ndiyo kusema karibu sisi wote. Anayetumika katika kampuni kubwa ya madini ao katika banki, kampuni yake inamlipia hospitali. Lakini mama anayeuza mikate barabarani, baba mwenye kulima ao mwenye kusukuma chukudu, kijana wa taksi-moto, hao hawana karatasi ya kuonyesha mlangoni. Kwao ugonjwa na deni vinapita mlango mmoja.

Juu ya hiyo, wengi wanafanya moja ya mambo mawili. Wengine wanabaki nyumbani siku 4 ao 5 wakingojea homa ipungue, wananunua kinini 3 kwenye ligablo, kinini 2 kwa jirani, bila kujua ni dawa ya nini. Wengine, hali ikisha kuwa mbaya, wanakimbia usiku kwenye hospitali kubwa ya mjini, na asubuhi yake wanauza cherehani, mbuzi, hata mabati ya nyumba. Njia zote mbili ni za bei kali. Ya kwanza inaonekana ya bure, lakini malipo yake mara nyingi ni mtoto.

Tumesoma habari za Naamani, jemadari wa Aramu. Watu wengi wanahubiri sura hii juu ya imani na utii, na ni vizuri. Leo tutaisoma kama mgonjwa anayetafuta mahali pa kutunzwa, kwa maana ndivyo Naamani alivyokuwa.

Naamani aligonga mlango usiofaa

Angalieni safari yake. Alibeba talanta 10 za feza, vipande 6000 vya dhahabu na mavazi 10. Alibeba pia barua ya mfalme wake. Akaenda moja kwa moja kwa mfalme wa Israeli, kwa sababu mtu mkubwa anawaza kwamba msaada mkubwa unakaa katika nyumba kubwa. Mfalme akapasua mavazi yake, kwa kuwa hakuwa na dawa. Dawa ilikuwa katika nyumba ndogo ya Elisha, na Naamani angeweza kuanzia kule tangu siku ya kwanza.

Na sisi tunafanya vile. Serikali yetu iliigawanya inchi katika zoni za afya. Mawazo hayo yalijaribiwa kwanza katika miaka ya 1970 mahali kama Kasongo katika Maniema, Vanga na Bwamanda. Mwaka wa 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata na kukubali kwamba matunzo ya kwanza yapashwa kuwa karibu na watu na kwa bei wanayoweza. Kufikia 1985 Zaire ilikuwa na zoni 306. Leo Kongo ina zoni 519. Kila zoni inapashwa kuwa na Hospitali Jenerali yake na imegawanywa katika maeneo ya afya, na kila eneo linapashwa kuwa na kituo cha afya, ile tunayoita santre. Mkubwa wa santre ni enfirmie tituleri. Juu yake kuna mganga mkubwa wa zoni, ambaye ofisi yake inaitwa biro santrali.

Basi mlango wa kwanza ni santre ya eneo lako. Pale wanatunza malariya, kuhara, kikohozi, vidonda, minyoo. Wanapima mimba, wanazalisha, wanachanja watoto. Sehemu kubwa sana ya magonjwa yanayotuingilia nyumbani inamalizika pale pale. Yale yanayowapita, kama kupasua ao kupewa damu, tituleri anaandika karatasi ya transferi na kumtuma mgonjwa Hospitali Jenerali. Msidharau karatasi hiyo. Katika zoni nyingi, anayefika hospitali akiwa na transferi analipa kidogo kuliko anayejileta mwenyewe, na wanampokea wakijua tayari alipewa dawa gani.

Wengine watauliza: santre ya eneo letu ni ya Wakatoliki, je, tuingie? Ingieni. Katika Kongo sehemu kubwa ya hospitali na santre inachungwa na makanisa: Wakatoliki kupitia ofisi zao za BDOM, Waprotestanti ambao kazi yao ya SANRU ilianza 1981, Wakimbangu, Jeshi la Wokovu. Santre ikiwa ndani ya zoni ya afya, inapashwa kumpokea kila mtu wa eneo lile. Hakuna anayeuliza mgonjwa amebatizwa wapi.

Lakini si kila nyumba yenye msalaba mwekundu mlangoni ni santre. Katika miji yetu kuna vyumba vingi vya matunzo vilivyofunguliwa na mtu yeyote, pahali pengine 4 ao 5 katika avenyu moja. Wengine wanatumika vizuri, wengine wanauza maji ya seromu tu. Uliza kwenye biro santrali ya zoni, ao kwa shefu wa kartiye: santre ya eneo letu ni ipi? Swali hili halilipishwi.

Kijakazi aliyejua njia

Nani alimwonyesha Naamani njia? Msichana mdogo, mtumwa, asiye na jina katika Maandiko. Katika maeneo yetu kuna watu wa namna ile, wanaitwa RECO. Ni jirani zetu waliochaguliwa na watu wa eneo. Hawana mshahara wa serikali. Wanapita nyumba kwa nyumba kutangaza siku ya chanjo na kuuliza habari za watoto. Mara nyingi tunawafukuza kama vile wanatusumbua, na wengine wetu tunafunga mlango tukisema wanatafuta kitu. Mama, mjue RECO wako kwa jina. Yeye anajua siku gani tituleri yuko, dawa zimefika ao hazijafika, na bei ni gani.

Katika vijiji vilivyo mbali na santre, zaidi ya kilometa 5 ao vyenye kutengwa na mto, zoni nyingi ziliweka tangu 2005 mahali pa matunzo kijijini penyewe. Pale RECO aliyefundishwa anatunza watoto walio chini ya miaka 5 wenye malariya, kuhara ao kikohozi cha kupumua mbio. Anapima damu kwa kipimo kidogo cha kidole. Mara nyingi dawa hizo hazilipishwi wakati zipo. Ukiishi mbali, uliza kama kijiji chako kina mahali hapo.

Jambo dogo lilimkasirisha

Elisha hakutoka hata nje. Alituma mtu kumwambia Naamani aoge mara 7 katika Yordani. Naamani akakasirika, kwa sababu alingojea sherehe. Watumishi wake ndio waliomtuliza: kama angeambiwa jambo gumu angelifanya, kwa nini asifanye lililo rahisi?

Wapendwa, hapa ndipo feza zetu nyingi zinapotea. Mgonjwa wetu anataka seromu. Anataka shindano. Enfirmie akimpa kinini na kumwambia arudi nyumbani, anasema: "Hawakunitunza." Kisha anaenda kwa mwingine ambaye atamtundikia chupa, atalipa mara nyingi zaidi, na atasema huyo ndiye mganga wa kweli. Lakini mtu mwenye malariya isiyo kali, anayeweza kunywa na asiyetapika, anatunzwa kwa kinini za siku 3, na zinafanya kazi vizuri. Shindano na seromu ni kwa malariya kali. Mtoto anayehara anahitaji zaidi ya yote maji ya chumvi na sukari ya pakiti (SRO) pamoja na kinini za zinki siku 10 mpaka 14, na kunyonya bila kuachishwa. Hiyo ni dawa ya bei ndogo kabisa, na imeokoa watoto wengi duniani kuliko chupa za seromu.

Pia msione haya kuomba dawa yenye jina la kawaida badala ya ile ya sanduku zuri. Santre inapashwa kununua dawa katika depo inayojulikana na zoni. Kule Goma kuna ASRAMES, kule Lubumbashi kuna CAMELU, na majimbo mengine yana zao. Dawa hizo zinapimwa. Sanduku zuri la sokoni, nani amelipima?

Rahisi si kusema kuchelewa. Homa ya mtoto mdogo ipelekwe santre ndani ya saa 24. Mtoto asiyeweza kunywa ao kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye kutetemeka kwa degedege, anayelala bila kuamka vizuri, huyo hangojei asubuhi. Vilevile mtoto anayepumua mbio: hesabu pumzi zake katika dakika moja akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 ao zaidi ni hatari. Kwa mwenye mwaka 1 mpaka 5, ni 40 ao zaidi. Wamama wafundishane kuhesabu hivyo. Saa ya mkono ama ya telefone inatosha.

Gehazi angali mlangoni

Elisha alikataa zawadi. Lakini mtumishi wake Gehazi alimkimbilia Naamani nyuma, akatunga uongo juu ya vijana 2 wageni, akapata talanta 2 za feza na mavazi 2. Naamani alilipa kwa furaha, bila kujua kwamba hakuna aliyemdai kitu.

Tunapashwa kusema wazi: matunzo katika santre zetu yanalipwa. Tangu mawaziri wa afya wa Afrika walipokutana Bamako mwaka wa 1987, santre nyingi zinaishi kwa feza za wagonjwa, na katika Kongo wauguzi wengi wanakaa miezi bila mshahara, wengine hawajawahi kuupata. Tusiwachukie. Lakini kuna bei halali na kuna bei ya Gehazi, na mtu maskini anapashwa kuzitofautisha.

Bei halali imeandikwa. Inapashwa kubandikwa ukutani pahali ambapo kila mtu anaona. Bei si moja katika kila zoni, na ya mtoto si sawa na ya mtu mzima. Katika zoni zenye bei moja ya ugonjwa mzima (wanaiita forfe), feza unayolipa mara moja inachukua ndani yake fishi, kuulizwa, labo na dawa, na ukirudi kwa ugonjwa uleule hulipi upya. Katika zoni nyingine kila kitu kinalipwa peke yake: fishi, labo, dawa, kitanda. Kwa hiyo swali la kwanza, mbele ya kuketi, ni hili. Liulizwe kwa heshima:

"Tituleri, tunawasalimu. Mtoto ana homa tangu jana. Bei yenu ni forfe ao kila kitu peke yake?"

"Ni forfe, mama. Dawa ziko ndani."

"Asante. Na mkituma labo, tutaongeza kitu?"

"Hapana, mama. Mtapewa resi."

Hakuna muuguzi mwema anayekasirishwa na maneno hayo. Resi ndiyo shahidi. Anayelipa bila resi ametoa zawadi, na zawadi hairudi. Mtu akikuomba feza kando, ya "glove", ya "sabuni", ya "mafuta ya jenereta", mwulize kwa upole aiandike juu ya resi. Mara nyingi ombi litakufa pale.

Na kama haliishi? Kila eneo la afya linapashwa kuwa na kamati ya watu wa eneo, inaitwa CODESA. Wajumbe wake ni raia, si wauguzi. Kazi yao ni kuangalia pamoja na tituleri feza zilizoingia, dawa zilizotoka, na malalamiko ya watu. Waamini wetu wengi hawajawahi kusikia jina hilo, ndiyo sababu kamati nyingi zinalala. Mpeni mjumbe wa CODESA resi yenu, semeni siku na saa, bila matusi. Akishindwa, kuna biro santrali. Mahali ambapo ndugu wa makanisa wameingia ndani ya kamati na kuhudhuria mikutano, ukuta wa bei haukosi karatasi.

Yasiyolipwa

Kuna matunzo ambayo programu za taifa zinatoa bila malipo. Chanjo za watoto. Dawa za kifua kikuu, miezi 6, pamoja na kupima makohozi: mtu mwenye kukohoa wiki 2 ao zaidi aende. Dawa za ukimwi na kupimwa kwake. Dawa za ukoma, ugonjwa ule ule tunaoutaja tunaposoma Naamani; hata leo uko katika inchi yetu, na leo unapona kwa kinini. Dawa za ugonjwa wa malale. Mama mwenye mimba anayeanza kupimwa anapashwa kupewa chandarua.

Tangu mwezi wa 9, 2023, serikali ilianza kulipia kuzaa na matunzo ya mtoto mchanga, kwanza Kinshasa, kisha majimbo mengine. Haijafika pahali pote, na hata pale ilipofika si kila hospitali imo ndani ya mpango. Mama aulize mapema, wakati wa kupima mimba, si siku ya uchungu: "Hapa kuzaa kunalipwa na serikali ao na sisi?"

Lazima pia tuseme kwamba dawa nyingi za bure zilikuwa zinaletwa na misaada ya kigeni. Mwaka wa 2025 Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake, na zoni nyingi zilihisi upungufu. Kwa hiyo jambo lililokuwa bure mwaka uliopita, liulizwe tena. Mara nyingine dawa ni bure lakini imeisha, na mgonjwa anatumwa kuinunua inje. Katika hali hiyo omba jina la dawa liandikwe wazi na idadi yake, usinunue kwa kusikia tu.

Feza hazitoshi kabisa

Huyu mwanamke wa Marko sura ya 5 alitumia mali yake yote kwa waganga. Wengi kati yetu tunamjua mtu kama yeye. Wengine wetu tumeona jambo baya zaidi: mama amejifungua vizuri, amepona, na hospitali inamzuia pale wiki nyingi pamoja na mtoto kwa sababu ya deni. Kila siku anayokaa, deni linaongezeka. Mgonjwa si rehani. Katiba ya 2006, katika artikle 47, inatambua haki ya kila mtu kwa afya, na hakuna sheria inayogeuza wodi kuwa gereza.

Lakini kelele peke yake haifungui mlango. Njia inayosaidia ni hii: familia isikimbie. Watume wazee 2 ao 3, pamoja na mjumbe wa CODESA ama wa kanisa, waende kwa mkubwa wa hospitali na kiasi walichopata, hata kidogo. Waombe karatasi ya kulipa polepole, yenye tarehe na sahihi za pande mbili. Hospitali nyingine zina mtu wa mambo ya jamii anayeweza kumtambua maskini wa kweli na kumpunguzia, uliza yuko. Shemasi anayewatembelea wagonjwa aanze na swali la resi mbele ya maombi, kisha aombe.

Afadhali zaidi ni kutangulia. Msamaria wa Luka 10 alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari 2 mbele, akaahidi kulipa itakayozidi. Feza ilikuwa mahali pake kabla haijahitajiwa. Watu wa Bwamanda, katika Ubangi ya Kusini ya leo, walianza mpango wa namna hiyo mwaka wa 1986. Kila mwaka, wakati wa feza za mavuno, jamaa ilitoa mchango kwa ajili ya watu wake wote, si kwa mgonjwa peke yake. Aliyetumwa hospitali na santre alilipa asilimia 20 tu ya bei, na sanduku lililipa 80. Sharti lilikuwa kupita kwanza santre. Maelfu ya watu waliingia katika miaka ambapo feza ya Zaire ilikuwa ikioza mikononi.

Leo michango kama hiyo inaitwa mituele, na kuna sheria yake ya tarehe 8 mwezi wa 2, 2017. Mkitaka kuingia katika mituele, ulizeni mambo haya: wamefanya mapatano na santre na hospitali zipi, wanalipa asilimia ngapi, mtu anangojea miezi mingapi mbele ya kuanza kusaidiwa, na nani anasoma hesabu mbele ya wanachama. Asiyejibu swali la mwisho, msimpe feza. Pahali ambapo mituele haipo, wamama wetu wanajua likelemba. Inawezekana kuweka kando sehemu ndogo ya kila zamu, isiyoguswa kwa sababu ya harusi ao kilio, ya ugonjwa tu.

Maombi na santre

Kuna ndugu wanaouliza kama kwenda santre ni kukosa imani. Elisha alikuwa nabii, na alimtuma mtu kwenye maji. Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Hezekia. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu. Katika chumba cha maombi mgonjwa aombewe, lakini mtoto mwenye zile alama za hatari tulizozitaja asilazwe pale usiku kucha. Aombewe njiani. Anayeongoza maombi awe wa kwanza kuuliza: "Mmepita santre?"

Maswali ya kujibu katika vikundi

Kwa nini mfalme wa Israeli alipasua mavazi yake, na sisi tunawapasulia nani mavazi tunapokimbilia hospitali kubwa bila transferi? Wamama: mtoto wa miezi 8 anapumua mara 54 kwa dakika, na ni saa 2 ya usiku. Mtafanya nini, na nani atabaki na watoto wengine? Wababa: tituleri wetu anaitwa nani, na nani wa kanisa letu yumo katika CODESA? Kama hakuna, mkutano wake ujao ni lini?

Kila kikundi kitume watu 2 wiki hii kwenye santre ya eneo, kwa heshima, wasome karatasi ya ukutani. Jumapili ijayo walete mbele ya wote, ikiwa imeandikwa: bei ya mtu mzima, bei ya mtoto, bei ya kuzaa, na siku za chanjo.